Lita si kilo: hesabu ya mafuta ya kula kwa wafanyabiashara wa Tarime na Serengeti

Tuseme mfanyabiashara wa Mugumu amepata kazi ya kupeleka kilo 1,000 za mafuta ya alizeti kwenye kambi ya watalii upande wa Ikoma. Bei waliyokubaliana ni shilingi 5,400 kwa kilo. Anakwenda sokoni, anakuta dumu la lita 20 kwa shilingi 100,000, yaani shilingi 5,000 kwa lita. Anapiga hesabu ya haraka: madumu 50 ni 1,000, faida ni shilingi 400 mara 1,000, jumla shilingi 400,000 kabla ya nauli. Anakopa, ananunua, anapakia.

Kambini mzigo unapandishwa kwenye mizani, chombo kitupu kinatolewa, na karani anaandika kilo 920. Hakuna aliyeiba na mizani haina ubovu. Mfanyabiashara huyo amenunua lita akaahidi kilo. Ili atimize mkataba inambidi anunue lita 87 zaidi, ambazo kwa bei ileile ni shilingi 435,000. Faida yote imekwenda na shilingi 35,000 za mtaji juu yake, na nauli ya safari ya pili bado haijahesabiwa.

Bei hizi, ndugu msomaji, ni za mfano wa darasani, wala si taarifa ya soko la wiki hii. Hesabu yenyewe lakini ni ya kweli, na itabaki hivyo bei ikipanda au ikishuka. Katika biashara ya mafuta ya kula faida ya mwenye duka la kawaida ni asilimia chache tu. Tofauti kati ya lita na kilo ni asilimia 8. Asiyeijua tofauti hiyo anaweza kuuza mwaka mzima, duka likijaa wateja, huku mtaji unapungua asijue unapotelea wapi.

Chanzo chake ni kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na ndiyo maana wengi wetu tumezoea kuona lita na kilo kama mapacha. Mafuta huelea juu ya maji kwa sababu lita yake haifiki kilo. Shuleni uwiano huo wa uzito kwa ujazo huitwa densiti. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaonyesha kwamba katika joto la nyuzi 20 za Sentigredi, lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa kati ya gramu 918 na 923, au karibu sana na hapo. Mafuta ya pamba ni 918 hadi 926, ya mahindi 917 hadi 925, ya ufuta 915 hadi 924. Kwa matumizi ya dukani yote hayo tunaweza kuyaweka kwenye namba moja, 0.92. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa yakabaki maji maji, ambayo ndiyo yanayouzwa kwa wingi kwa bei ya chini, ni mepesi kidogo. Kwa hayo tumia 0.91.

Kuna jambo moja linalowapoteza hata wazoefu. Dumu tupu la plastiki la lita 20 lina uzito wa kama kilo moja, mengine pungufu kidogo, mengine zaidi. Likijazwa lita 20 za mafuta yenye kilo 18.4, mizani itasoma karibu kilo 19 na nusu. Mtu akiona 19 na nusu anasema hiyo ni 20, mizani ya dukani si ya dhahabu. Basi plastiki inajifanya mafuta, na imani kwamba lita ni kilo inapata ushahidi wa bandia kila siku.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kutoka lita kwenda kilo, zidisha kwa 0.92. Kutoka kilo kwenda lita, gawanya kwa 0.92. Asiyependa kugawanya azidishe kwa 1.087. Hapo angalia: wengi husema kwa kuwa tofauti ni asilimia 8, basi kilo nikiongezea asilimia 8 napata lita. Sivyo. Kushuka ni 8, kupanda ni 8.7. Katika tani moja kosa hilo ni lita 7. Jedwali hili linaweza kukatwa na kubandikwa karibu na mizani:

Lita 1 = gramu 920
Lita 5 = kilo 4.6
Lita 10 = kilo 9.2
Lita 20 = kilo 18.4
Pipa la lita 200 = kilo 184
Kilo 1 = lita 1.087
Kilo 10 = lita 10.87
Kilo 20 = lita 21.74
Tani 1 = lita 1,087, yaani madumu 54 na lita 7

Ukisahau kipi kinazidishwa na kipi kinagawanywa, kumbuka kwamba kwa mafuta yaleyale namba ya lita daima ni kubwa kuliko namba ya kilo. Kwa bei ni kinyume chake: bei ya kilo lazima iwe kubwa kuliko bei ya lita. Hesabu yako ikikupa jibu tofauti na hapo, umegeuza kanuni, na kosa la kugeuza ni kubwa. Kilo 20 zikigeuzwa vibaya huonekana kuwa lita 18.4, wakati ukweli ni lita 21.74, tofauti ya zaidi ya lita 3 katika chombo kimoja.

Sasa tuingie sokoni. Wauzaji watatu wa jumla wanakupa bei. Wa kwanza anauza dumu la lita 20 kwa shilingi 100,000. Wa pili anauza kilo 20 kwa shilingi 106,000. Wa tatu ana chombo kinachofanana kabisa na dumu la kawaida, lakini ubavuni kimeandikwa kilo 18, na bei yake ni shilingi 99,000. Mnunuzi mwenye haraka atamchukua wa tatu, kwa sababu 99,000 ni ndogo kuliko zote. Lakini geuza bei zote ziwe za lita moja. Wa kwanza ni shilingi 5,000. Wa pili ni 5,300 kwa kilo, ukizidisha kwa 0.92 unapata shilingi 4,876 kwa lita. Wa tatu ni 5,500 kwa kilo, na hiyo ni shilingi 5,060 kwa lita. Chombo chake kina lita 19 na nusu tu na kidogo juu. Aliyeonekana ghali kuliko wote ndiye rahisi kuliko wote. Hakuna aliyedanganya hapa, maana kila kitu kimeandikwa wazi kwenye chombo. Mnunuzi ndiye anayetakiwa kusoma.

Kusoma kwenyewe kuna mitego ya maneno. Neno "galoni" mitaani linaweza kuwa kidumu cha lita 3, cha lita 5, au hata cha 20, kutegemea nani anasema. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546, na ya Kimarekani ni lita 3.785. Debe nalo lina historia yake. Debe la bati la zamani lililoletea mafuta ya taa lilikuwa la galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18.18, na likijazwa mafuta ya kula halifiki kilo 17. Leo mtu akisema debe huenda ana maana ya lita 20, au kilo 20, au bati lile la babu yake. Kabla ya kutoa fedha uliza: lita ngapi, au kilo ngapi? Muuzaji akijibu "ni debe tu", hajajibu.

Kwa wafanyabiashara wa Sirari hesabu ina ngazi moja zaidi, kwa sababu ng'ambo ya mpaka, Isebania, bei iko katika shilingi ya Kenya, na mafuta mgando ya kupikia huuzwa kwa kilo. Ukitaka kuyalinganisha na mafuta ya maji yanayouzwa kwa lita upande wetu, usilinganishe kilo na lita. Tuseme katoni ya kilo 10 ni shilingi 3,000 za Kenya na kiwango cha kubadilisha ni 19. Hiyo ni shilingi 57,000 za Tanzania, au 5,700 kwa kilo. Mafuta ya maji dukani tuseme ni 5,400 kwa lita. Kwa macho ya haraka mafuta ya maji ni nafuu kwa shilingi 300. Gawanya 5,400 kwa 0.92: kilo moja ya mafuta ya maji ni shilingi 5,870. Mafuta mgando ndiyo nafuu, kwa shilingi 170 kila kilo. Ushuru na nauli tumeviweka kando kwa makusudi, navyo vinaweza kuipindua hesabu hiyo tena. Lakini lazima vijumlishwe juu ya namba iliyo sahihi. Na kwa kuwa karatasi za forodha huuliza uzito halisi wa mzigo, mwenye madumu 50 ajaze kilo 920, asijaze 1,000 akajitwisha uzito asionao.

Joto nalo lina mkono wake. Mafuta yakipata joto hutanuka. Kwa kila nyuzi moja ya Sentigredi ujazo huongezeka kwa kama sehemu 7 katika 10,000. Inaonekana ndogo, na kwa kidumu kimoja kweli ni ndogo: dumu la lita 20 likitoka kwenye nyuzi 20 hadi 30 litaonyesha lita 20.14. Kwa anayenunua kwa pipa habari ni nyingine. Pipa la lita 200 lililopimwa mchana chini ya bati lenye joto la nyuzi 35, likifika Tarime usiku likapoa hadi nyuzi 18, litapungua lita 2 na zaidi bila tone kumwagika. Dereva hana kosa, asisumbuliwe. Uzito wa pipa hilo haukubadilika hata gramu moja, na hapo ndipo ubora wa kununua kwa kilo unapoonekana. Kwa sababu hiyohiyo dumu lisijazwe mpaka mdomoni asubuhi ya baridi, maana jua la mchana litayasukuma mafuta yatoke kwenye kizibo.

Tarime mjini iko juu ya Musoma kwa mita mia kadhaa, na baridi yake ya asubuhi, hasa Juni na Julai, inajulikana. Mafuta ya mawese hayaipendi. Huanza kuwa na ukungu, kisha chembe nyeupe, kisha uji. Hapo kipimo cha kikombe hakifai kitu: mafuta mazito hunata kwenye kikombe na kwenye faneli, hubeba mifuko ya hewa, na mteja mmoja anapata sehemu nyeupe nzito, mwingine maji maji ya juu. Muuzaji wa rejareja ana njia mbili. Ama ayaache yapate joto la kawaida na kuyachanganya kabla ya kupima, ama asubuhi hiyo auze kwa mizani na kukokotoa bei ya kilo kama tulivyoonyesha. Kuyaweka dumu karibu na jiko la mkaa, kama wengine wafanyavyo, ni kutafuta moto wa duka zima.

Sasa tuzungumze na wenye mitaji midogo wanaofikiria kuweka mashine ya kukamua alizeti au mbegu za pamba, kwa mfano pale Mugumu, ambako wilaya yenyewe ni ya wakulima wa pamba na alizeti inaweza kufuatwa sokoni. Kwao suala la lita na kilo ni kubwa zaidi kuliko kwa mwenye duka, kwa sababu linaingia ndani ya vitabu vya kiwanda.

Mbegu huingia kwa kilo. Mashudu hutoka kwa kilo. Mafuta, kwa mazoea yetu, huandikwa kwa lita. Chukua gunia la alizeti la kilo 65. Tuseme mashine imetoa lita 18 za mafuta na kilo 45 za mashudu. Mwenye mashine anajumlisha 18 na 45, anapata 63, anaona upungufu wa 2, anasema ni unyevu na vumbi, anafunga daftari. Lakini lita 18 ni kilo 16.56. Jumla ya kweli ni kilo 61.56, na upungufu ni kilo 3.44. Kuna kilo 1.44 katika kila gunia ambazo daftari halikuziona. Huenda ni mashapo yaliyobaki kwenye tangi. Huenda mbegu zilikuwa na maji mengi kuliko alivyodhani, na hapo alimlipa mkulima kwa maji. Na huenda kuna kidumu kinachotoka kwa mlango wa nyuma. Kwa magunia 100 kilo hizo zinafika 144, ambazo zingekuwa mafuta ni lita 156, karibu madumu 8. Kwa bei yetu ya mfano ni kama shilingi 780,000. Mwizi wa kiwandani hahitaji kuwa hodari ikiwa mwenye mali mwenyewe amechanganya vipimo. Anachukua sawasawa na pengo lililoachwa na hesabu, na daftari linamlinda.

Suala la pili ni la muuza mashine. Atakuambia mashine yake inatoa asilimia 28. Muulize asilimia 28 ya nini. Lita 18 kwa kilo 65, ukigawanya tu, ni 27.7, na atasema ndiyo hiyo. Lakini asilimia haiwezi kuwa ya lita juu ya kilo. Kilo 16.56 kwa kilo 65 ni asilimia 25 na nusu. Mwekezaji aliyepanga mkopo wake juu ya asilimia 28 za kweli atakuwa amejiwekea mapato yasiyokuwapo, na benki haitarudisha riba kwa sababu ya densiti. Ukipewa takwimu za mashine mbili, dai zote mbili kwa kilo ya mafuta kwa kila kilo 100 za mbegu, zilizopimwa mbele yako kwa mbegu za gunia moja.

La tatu ni joto tena, na hapa si jambo dogo. Mafuta yanayotoka kwenye mashine huwa ya moto. Yakipimwa kwenye nyuzi 60 kisha yakapoa hadi 20, lita 20 zinabaki kama 19 na nusu. Anayelipwa kwa lita mara tu mafuta yanapotoka anapata ya ziada, anayenunua jioni hiyo anapungukiwa. Mkulima aliyeleta mbegu zake kukamuliwa kwa makubaliano ya kugawana ana haki ya kusema: tusubiri yapoe na mashapo yatulie, ndipo tupime, au tupime kwa mizani sasa hivi.

Usitegemee jedwali la gazeti peke yake. Kila mwenye mizani nzuri anaweza kupima mwenyewe. Pima dumu lako likiwa tupu na kavu, andika. Lijaze maji safi mpaka alama unayotumia, pima, toa uzito wa dumu. Kilo zilizobaki ndizo lita za dumu hilo kwa kweli. Usishangae ukipata 20 na nusu au zaidi, maana madumu mengi yakijazwa mpaka shingoni huzidi lita 20, na yaliyobonyea hupungua. Yamwage maji, likaushe kabisa, jaza mafuta mpaka alama ileile, pima tena na utoe uzito wa dumu. Gawanya kilo za mafuta kwa kilo za maji. Ukipata kati ya 0.91 na 0.93 mambo ni sawa. Ukipata 0.96 au 0.87, rudia, kwa sababu karibu kila mara kosa ni la mizani au dumu lilibaki na maji.

Jambo ambalo kipimo hiki hakiwezi kufanya ni kutambua mafuta yaliyochanganywa. Wasomaji wengi hutamani kiwe hivyo. Dumu la alizeti halisi ni kilo 18.4, la mawese ni 18.2, tofauti ya gramu 200 kwa mizani ya dukani ni bahati nasibu. Hata lita nzima ya maji ikiingizwa kwenye dumu, uzito utaongezeka kwa gramu 80 tu. Maji yatafute chini ya chombo baada ya kukiacha kitulie usiku kucha. Kuhusu aina ya mafuta, kazi hiyo ni ya maabara.

Kwa wanaosafirisha mzigo kutoka Tarime kupitia Nyamongo na kuvuka Mto Mara hadi Mugumu, kumbuka kwamba nauli ya tani hulipiwa pamoja na vyombo. Dumu lililojaa ni kama kilo 19.4, kwa hiyo tani moja ya gari hubeba madumu 51, si 54. Gawanya nauli kwa lita 1,020, ndipo uijumlishe kwenye bei ya lita.

Wanaofuatilia bei za dunia nao wanatumia namba hizihizi. Mawese huuzwa katika soko la Kuala Lumpur kwa ringgit kwa tani, na wafanyabiashara wa kimataifa hunukuu dola kwa tani. Ukisikia tani imekuwa dola 1,000, zidisha kwa 0.91 na ugawanye kwa 1,000: ni senti 91 za dola kwa lita, kabla ya meli, ushuru na gari. Tani 570,000 ambazo Serikali ilikuwa ikizitaja mwaka 2021 kama mahitaji ya nchi kwa mwaka, kwa lugha ya dukani ni kama lita milioni 620.

Na mizani yenyewe? Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hukagua mizani na vipimo vya biashara na kugonga mhuri chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Mizani isiyo na mhuri wa mwaka huu haifai kutumika kibiashara, na mnunuzi ana haki ya kuomba kuuona mhuri huo kabla dumu halijapandishwa.